Gari Lililoruka na Shikamoo Niliyoiapia

Mimi nafunga springi za malori hapa Changamwe tangu nina meno yote. Skuli niliishia darasa la tatu kwa sababu ya mwalimu mmoja wa hesabu, lakini hayo tuyaache, mwenye makosa nilikuwa mimi. Nataka kusema habari ya gari lililoruka.

Jirani yangu pale gereji ni fundi wa injini, kijana niliyemjua tangu anavaa kaptula. Alasiri moja tuko kwa muuza kahawa, akanitolea simu.

"Babu, tazama. Hili ndilo lililoruka mbali kuliko yote duniani."

Juu ni pikapu, chini magurudumu yamenipita kimo. Wenyewe waliita monsta. Likaja mbio, likapanda kilima cha mchanga, likapaa juu ya magari yaliyopangwa. Laenda tu, laenda. Kisha picha ikakatika, ikaanza kurudia kule kupaa, polepole, na muziki juu yake.

"Mbona sijaliona likitua?"

"Limetua salama, babu."

"Salama ya wapi? Uzito ule ukishuka vile springi zote zakatika. Mimi nimeona lori la simiti limeingia shimo tu, wala halikuruka, likakaa chini kama ngamia."

"Hayo ya zama zenu."

Neno hilo likanichoma. Na mimi nikichomwa, mdomo hunitoka mbio. "Wallahi, gari hilo likiwa limetua na kuondoka lenyewe, nitakupa shikamoo mbele ya watu hawa!"

Muuza kahawa akaweka dele lake la kahawa chini. Mzee mzima kumwamkia mtoto! Marehemu mke wangu angekuwapo angenifinya paja.

Wiki nzima nikatafuta kule kutua. Kila simu niliyoshikishwa, gari lapaa, likikaribia chini, wamekata. Moja ilionyesha vumbi tupu. Nikapandwa na hasira: kazi yote iko katika kutua, wao wanionyesha kupaa! Kupaa hata jiwe lapaa.

Ijumaa baada ya sala kijana akatujia kwa muuza kahawa na picha nzima, iliyopigwa kutoka ubavuni. Magurudumu ya mbele yakagusa, gari likadidimia mpaka tumbo likakaribia mchanga, likaruka tena, likaegemea upande.

"Lavunjika!" Nimesimama, kahawa imenimwagikia kanzu.

Halikuvunjika. Likajinyoosha, likakata kona, likaenda zake.

"Springi zake ziko wapi?"

Akaisimamisha picha, akaikuza kwa vidole viwili. Hakuna vyuma vilivyolaliana. Kuna mitungi ya gesi ndiyo ibebayo uzito, miwili kwa kila gurudumu. Wiki nzima nimebishana, na hilo sikuliuliza. Miaka yangu yote ya kazi, na chini ya gari lile hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho ningejua kukifunga.

Nikamgeukia kijana. "Haya. Shikamoo."

Kijana kainamisha kichwa.

"Itikia, yakhe, mzee angoja!" muuza kahawa akamwambia.

"Siwezi. Mamangu akisikia, leo silali ndani."

"Sema marahaba tuishe," nikamwambia.

Akanitazama. "Shikamoo, babu."

"Marahaba," nikaitika. Wallahi sikukusudia, ni mazoea tu ya mdomo. Watu wakaangua kicheko, mmoja akashikilia ukuta.

Ustadh wetu kule Junda nikaako asema niliapa kutoa, nimetoa, yamekwisha. Yeye hakuwapo. Mimi naona bado, shikamoo isiyoitikiwa haijatolewa, na kijana ndiye anizuiaye kuyamaliza, kwa adabu zake hizo. Nikifika gereji mapema, yeye kanitangulia. Nikinyamaza nipite, aniamkia kwa mbali. Jana nilimvizia nyuma ya trela, mgongo wake umenielekea, kichwa kakizamisha kwenye injini. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

"Shikamoo, babu!" Alikuwa keshasikia makubadhi yangu.