Ng'ombe Si Wangu, Ruzuku Nimekatwa

Admin, jina langu libaki kwako, maana huku kijijini siku hizi kila mtu ana simu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, mjane, naishi Iramba, upande wa Sekenke. Nina watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha tatu, anakaa bweni. Mimi si mtu wa kukaa nimekunja mikono. Nilipoingizwa kwenye mpango wa ruzuku ya kaya maskini nilianza na kuku wawili, leo nina banda, na alizeti nalima kwa jembe la mkono. Lakini alizeti ni ya msimu, chakula cha bweni hakisubiri msimu. Ruzuku ndiyo ilikuwa inaziba hapo.

Zizini kwangu kuna ng'ombe watano. Hakuna hata mmoja wangu. Ni wa wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mtu mzima, mgonjwa wa miguu, anaishi peke yake kijiji cha pili. Alinipa niwatunze kama tunavyofanya huku: mimi napata maziwa na samadi, mifugo inabaki yake. Na ng'ombe wa kutunziwa hatangazwi. Ukiulizwa, unasema ni wa hapa nyumbani, basi. Kumtaja mwenyewe ni kama kumvua nguo barabarani.

Mwaka huu vigezo vikabadilika, kaya zikapitiwa upya. Akaja binti mmoja na kishikwambi, mpole tu, akachungulia zizini.

"Mama, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wa hapa," nikamjibu. Mdomo ulijibu wenyewe, kama ulivyofundishwa na mama yangu.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasomwa: nimehitimu, kaya yangu si maskini tena. Jirani yangu akapaza sauti kutoka nyuma, "Hongera mhitimu! Pilau lini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Kesho yake nikamfuata mtendaji. Sikwenda kulia, nilikwenda kuuliza haki yangu, nikasema ng'ombe si wangu bila kumtaja mwenyewe. Akanieleza vizuri: "Rufaa ipo, mama. Lete malalamiko kwenye mkutano ujao. Ila mwenye ng'ombe aje asimame mbele ya watu, aseme ni wake. Maneno yako peke yako hayatoshi."

Nilitoka pale nimefurahi, Mungu anisamehe. Nilipofika nusu ya njia ndipo nikakumbuka: wifi naye yumo kwenye ruzuku. Unga na dawa zake vinatoka humo. Kwake walipochungulia hawakukuta hata kamba.

Nikaenda hivyo hivyo.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Jua lote hili kwa miguu, kuna msiba?"

Nikamweleza. Akawa anasugua magoti.

"Nikisimama, wewe unarudishwa, mimi nakatwa palepale. Wewe una miguu, wifi. Mimi hiyo alizeti nitailima na nini?"

"Basi tuuze wawili."

"Hao ni wa siku nitakayolazwa. Nikiuza leo, siku hiyo atanilipia nani? Wewe uliyekatwa?"

Huyu ndiye aliyesimama mlangoni kwangu baada ya mazishi, akawaambia ndugu zake, "Shamba hili haliguswi, lina watoto." Alisimama mbele ya ukoo mzima, peke yake.

Msiniambie awahamishe ng'ombe, wameshaandikwa kwangu, na bila samadi ile alizeti yangu imekwisha. Msiniambie nitafute mtu adai ni wake. Kesho atakuja kuwachukua kweli. Nimezipiga hesabu zote hizo. Nikimtaja ataitwa, na mbele ya watu hatakana; kila upande anakatwa mmoja wetu.

Mkutano ni Jumatatu. Jana wifi alituma ujumbe kwa dereva wa bodaboda. Nikajua ameamua. Kumbe anauliza tu, yule mwekundu ameshazaa?

Amezaa. Ndama jike, mzima. Kwa hesabu yao nimezidi kutajirika.

Sijampelekea jibu, maana nikimjibu hilo itabidi nimjibu na lile jingine. Ninyi mnaosoma, ambao wifi yangu hawajui wala hatawahi kuwajua, mngekuwa mimi, Jumatatu mngesimama mkamtaja, au mngekaa kimya mkapigiwa makofi ya kuhitimu?