Golikipa wa Akina Mama wa Mabanga

Buhendwa wa Mabanga alikuwa kocha wa timu ya taifa ya vijana, na cheo hicho alijipa mwenyewe, kwa penseli. Mchana aliandika mabango ya saluni na maduka; jioni alichora katuni ya vijana kumi na mmoja wa Kongo waliokuwa njiani kwenda kuchukua kombe la dunia. Mtindo aliuokota kwenye kitabu cha Kijapani alichokipata katika rundo la mitumba: macho makubwa kama sahani, nywele zimesimama, na mpira ukipigwa unakaa hewani kurasa nne kabla haujaamua pa kwenda. Ila, jamani, mtu huyu alijua kuchora sura moja tu. Wachezaji wote walifanana kama mayai, ukawatofautisha kwa namba za mgongoni.

Nakala zilipigwa fotokopi, zikasomwa mtaa mzima wa Mabanga, na nyingine zikasafiri na akina mama wauza samaki mpaka Vitshumbi kwa wavuvi. Sifa zikamlevya. Ndipo akafanya kosa. Yeye ni Mushi, mtu wa kabila la upande wa Bukavu, na kwa kutaka kuwafurahisha majirani zake Wanande, golikipa akamwita Kambale. Ee Buhendwa! Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata walivyozaliwa, na Kambale ni mtoto wa kiume wa pili. Hilo alilijua vizuri. Alichosahau ni kuhesabu nyumba. Kila mama wa Kinande aliyezaa wana wawili wa kiume akajua, bila shaka yoyote, kwamba golikipa wa taifa ametoka tumboni mwake.

Mambo yalikuwa matamu mpaka toleo la saba, Kambale alipomzaba mwamuzi kofi akaonyeshwa kadi nyekundu. Jumapili baada ya misa, akina mama saba walimjia Buhendwa mlangoni. Mmoja alisema wa kwake hajawahi kugombana hata na mbuzi. Mwingine, Mama Henriette, alitaka kujua ni kocha gani anayemwaibisha mtoto wa watu bila kumwita mzazi kwanza. Buhendwa akajitetea kwamba hayo ni mambo ya karatasi tu. Wapi! Wakamwambia basi hata kadi ni ya karatasi, aifute. Naye kwa ukaidi wake akaapa kwamba golikipa mpya ameshachorwa, na fundi hapangiwi kazi.

Sita wakaondoka wakinung'unika. Wa saba alibaki. Aliitwa Katungu, na hakuwa wa Mabanga. Alikimbia Sake vita vilipofika kule, sasa alikaa Lac Vert, katika kambi ya waliokimbia vita. Yeye na Kambale wake walipotezana barabarani siku ile ya kukimbia, umati ukamvuta mtoto huku na mama kule, na huu ulikuwa mwezi wa tano tangu wapotezane. Hakuja kugombana.

“Papa Buhendwa, usimutoe mutoto kwa timu,” alisema. “Umuweke kovu hapa, juu ya jicho la kushoto. Aliungua na uji. Hivi vitabu vinafika mbali. Labda mutu atamujua.”

Buhendwa aliichukua karatasi ya golikipa mpya. Aliona aibu, na ilimfaa. Alimchana golikipa mpya vipande viwili, akamketisha Katungu, akamwuliza paji likoje, masikio yakoje, akicheka macho anayafungaje. Alifuta na kufuta hata karatasi ikatoboka. Jioni ilipoingia alikuwa amepata sura yake ya pili.

Toleo la nane likatoka: kadi imefutwa, Kambale yuko golini, ana kovu. Jumapili wale akina mama sita wakarudi. Buhendwa akajiandaa kusutwa, maana kwa kovu lile alikuwa amewanyang'anya wote golikipa wao. Mama Henriette aliweka kidole juu ya lile kovu.

“Huyu haiko wa kwangu, iko wa Katungu, ametuambia,” alisema. “Wa kwangu iko nyumbani, anakula. Utupe nakala mingi, Papa, tutume mbali. Mimi niko na ndugu Butembo, huyu mwenzangu iko na wake Beni.”

Wakazigawana palepale mlangoni.

Tangu hapo timu ya Buhendwa imecheza mechi kumi na nne. Imefungwa mara mbili, tena mabao ya kipuuzi, lakini golikipa hatolewi. Toleo likitoka Katungu hupanda kutoka Lac Vert, hufungua kwanza ukurasa wa goli, humtazama. Kisha humwambia kocha kwamba mutoto amekonda, amwongeze mashavu. Na kocha humwongeza.