Maziwa Mabichi Tu

Jumatatu, 17 Novemba 1997. Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Nilifukiza mitungi ya maziwa kwa moshi kama kila siku, nikaenda sokoni, nikakaa. Maziwa hayakuja.

Tulikuwa wanawake wanne tukiuza maziwa ya ngamia. Watatu walikuwa na mifugo upande wa Bura, mimi hapa Garissa na wateja. Kwa kuwa nilifika darasa la tano, daftari nilishika mimi. Niliandika nani akame, nani apeleke barabarani, gari lipite saa ngapi, na mwisho nikapigia mstari: maziwa mabichi tu. Wote walikubali, hilo niseme wazi. Labda walikubali kwa sababu hawajui kusoma.

Barabara ilipokatika, maziwa yalinifikia siku ya tatu, yamechacha. Wenzangu walimtuma dereva aniambie niyauze hivyo hivyo, yawe susa, maziwa machachu, watu wanakunywa. Nikajibu hatukupatana hivyo, nikayamwaga. Sijui hata sasa kama nilikosea. Mteja aliyezoea mabichi naye ana haki yake.

Wao hawakubishana. Ngamia walipokimbia matope, walihama nao hadi karibu na kambi ya wakimbizi ya Ifo, wakagawana kazi upya. Aliyekuwa akikama sasa anauza kambini, na susa inaisha kabla ya adhuhuri. Waliniita niende, mara mbili. Mara zote nilisema tungoje barabara ifunguke turudi kwenye mpango.

Leo mkubwa wetu, mmoja wa wale watatu, amenikuta sokoni, matope hadi magotini, maana lori lilinasa akamalizia kwa miguu.

"Abaayo, dada yangu, bado unalinda daftari?" Alinicheka, kisha akaacha. "Tumeweka mtu mahali pako. Si kwa ubaya."

Nikamwuliza kama naweza kwenda naye kesho.

"Ungekuja tulipokuita. Sasa nimfukuze yule, naye ana watoto?"

Nikasema asimfukuze. Alinishika mkono kwa muda, akaniuliza hali ya mama, akaenda kutafuta gari la kurudi. Nilibaki na mitungi minne, wauzaji wa pembeni wakijifanya hawakusikia.

Nimejaribu kutafuta kosa lao niliandike hapa. Sijaliona. Wao walishikana, mimi nilishika karatasi, na wala hawakunisema vibaya.

Jioni mimi na mama tumekula anjera, mikate yetu ya maji, kwa sukari, na chai ya rangi.