Batri Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Gari la marehemu baba mkwe wangu lina injini nyuma, buti mbele, na batri mahali ambapo mtu asiyelijua hawezi kupafikiria: chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Butembo tunaliita kokisinele, kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo kama wa mdudu. Nimeona mafundi wazuri wakilizunguka, wakafungua mbele, wakafungua nyuma, kisha wakaniuliza kwa sauti ya chini kama gari hili linatumia batri kweli. Linatumia. Unashika ukingo wa mbele wa kiti cha nyuma, unauinua kidogo mpaka utoke kwenye kizuizi chake, halafu unavuta kiti chote kuelekea kwako. Batri iko pale, imekaa kimya katika kona yake kama kuku anayelalia mayai.

Jambo hili lingekuwa dogo sana kama upande wa kulia wa kiti hicho usingekuwa mahali pa mama mkwe wangu.

Kwetu, mume haketi mahali anapoketi mama wa mke wake. Hagusi kitanda chake, hagusi kiti chake, na wakikutana kwenye njia nyembamba, yeye mume ndiye anayeingia majanini. Siku hizi tunaicheka desturi hiyo, lakini tunaicheka tukiwa tayari majanini. Na Mama alikuwa amelifanya gari lile kuwa sebule yake. Mchana, likiwa limeegeshwa uani kwao, mtaa wa Vulamba, alifungua mlango, akaketi upande wake wa kulia na ungo magotini, akaambua maharage. Alisema mle hamna upepo.

Baba mkwe alipofariki, kazi ya kuliendesha na kulitunza iliniangukia mimi. Nauza sahani za sola na batri mjini, basi familia ikaamua kwamba batri ni batri. Tukapata njia. Jumapili, Mama akiwa kwenye misa ya kwanza, mke wangu alikitoa kiti, nami nikaishughulikia batri. Kiti ni cha Mama, lakini batri ni ya gari. Hapo mkono wangu ulikuwa na ruhusa.

Kazi yenyewe si ngumu, na sioni kwa nini watu wanaiogopa. Unafungua vifuniko na kumulika ndani kwa tochi, kamwe si kwa kibiriti wala mshumaa, kwa sababu batri hutoa hewa inayoshika moto. Maji yafunike vibao vya ndani kwa unene wa kidole. Yakipungua, unaongeza maji safi ya batri, yale yanayouzwa kwenye chupa, si ya bomba wala ya kisima. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya batri, pale nyaya zinapofungwa, unausafisha kwa maji ya moto yenye bikabonati, unafuta, unakausha, unapaka mafuta mazito. Mwisho, kichwa chenye alama ya kujumlisha unakifunika kwa kipande cha mpira wa tairi. Usisahau mpira huo. Kiti kina springi za chuma, na juu ya springi kuna nyuzi kavu kama manyasi. Mtu mwenye uzito akiketi, springi ikagusa kichwa kile kilicho wazi, atakuwa ameketi juu ya jiko.

Baba mkwe hakuwa na habari na haya yote. Yeye aliegesha kila mara mdomo wa gari ukitazama bondeni. Asubuhi aliachia breki, gari likateremka, akaingiza vitesi, yaani gia, likawaka. Butembo ni mji wa milima, na mtu anaweza kuishi mwaka mzima na batri mgonjwa asijue, kwa sababu mlima unamfanyia kazi. Ndiyo maana watoto wake wa kiume walikuwa wamezoea kusikia kwamba gari la baba halina nguvu ya kuwaka lenyewe. Kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye ana gari lake la kisasa, alikuwa ameshampata mnunuzi wa vyuma chakavu aliye tayari kulichukua.

Siku ya misa ya kumaliza kilio, kaka mkubwa alilileta jambo hilo mbele ya familia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni sawa," akasema. "Mutoto wa dada yenu iko na batizo kule Beni. Nitaenda na hii gari, na nitarudi nayo. Mukiisukuma hata mara moja, muuze. Mais kama haisukumwe, hapana kunisemesha tena maneno ya kuuza."

"Mama, tunakubali," kaka mkubwa akajibu haraka, na akanitazama mimi.

Tukaondoka mapema asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye usukani, mke wangu kando yangu, Mama nyuma kulia na mkoba wake. Kaka mkubwa alitufuata kwa gari lake. Alisema ni kwa ajili ya usalama, lakini kila nilipotazama kioo niliona meno yake. Barabara ilitutikisa vya kutosha. Kadiri tulivyoteremka hewa ikawa nzito na ya joto, mashamba ya kakao yakaanza kuonekana, na Mama akavua sweta.

Karibu na soko la Beni aliomba tusimame. Sikuzima injini. Alishuka na mke wangu, akamwacha akichagua nyanya, akarudi peke yake akiwa na kifurushi cha karatasi.

"Mukwe, toka kwanza," akasema. "Nataka kufunga kitambaa yangu."

Mkwe anayeambiwa hivyo haulizi swali. Nilitoka nikaenda kusimama mbali, nikitazama mizigo ya ndizi kwa bidii kubwa. Aliponiita, mke wangu alikuwa amerudi, naye Mama ameshaketi vizuri, na kifurushi sikukiona tena. Sikujiuliza kimekwenda wapi.

Tulifika kwa shemeji yangu mdogo, mama wa mtoto. Niliegesha katikati ya uwanja wao, nikazima. Kanisa lilikuwa karibu, tukaenda kwa miguu. Mtoto alibatizwa bila kulia, jambo ambalo bibi yake alilichukua kama sifa yake mwenyewe. Tukala kuku, ndizi na sombe ya majani ya muhogo. Mchana, kama kila mtu anayetaka kufika Butembo kabla ya giza, tukaanza kuaga. Mama alikuwa wa kwanza kuingia garini.

Nikageuza ufunguo. Gari likasema "tak" moja, likanyamaza. Nikageuza tena. Likanyamaza kabisa.

Kaka mkubwa alikuwa ameegemea gari lake akichokonoa meno.

"Beau-frère, shemeji," akaniita taratibu. "Hapa hapana mulima. Beni iko kama meza. Sasa utafanya je?"

"Nitaangalia kwanza."

"Kuangalia haiwashake moteur. Tuko banaume wanne, tumekula kuku. Tukunje mashati?"

"Mutu mwenye kugusa hii gari," sauti ya Mama ikatoka ndani, "asiniite tena mama."

Wanaume waliokuwa wameanza kukunja mashati wakayakunjua.

Nilimwomba mke wangu asimame mbele, nikawasha taa. Zikawaka vizuri, nyeupe. Nikageuza ufunguo, taa zikazimika palepale. Nawaeleza wateja wangu kila siku: taa zikiwa hafifu tangu mwanzo, batri imeisha. Lakini zikiwaka vizuri, kisha zikafa mara tu unapoomba nguvu nyingi, basi nguvu ipo ila njia yake imekatika. Kuna waya ambao haushiki vizuri, na mara nyingi ni pale pale kwenye kichwa cha batri. Niliwaeleza hivyo wote waliokuwa uwanjani. Hakukuwa na haja ya kusukuma. Ilihitajika kuinua kiti tu.

Na kiti kilikuwa na mwenyewe juu yake.

Nikamnong'oneza mke wangu. Akainama dirishani.

"Mama, bwana yangu anaomba ushuke kidogo."

"Umuambie bwana yako niko muzuri hapa. Mashini iko nyuma, aende akorokoche kule."

"Anasema shida haiko ku mashini. Iko chini yako."

"Chini yangu? Nani alimuambia kitu chenye kuko chini yangu?"

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikachunguza viatu vyangu. Mke wangu akajaribu tena, akamweleza kwamba ni batri, kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekiinua kiti kama anavyofanya siku za Jumapili. Mama akakaza mikono juu ya mkoba wake.

"Siku ya Jumapili sikuwake hapo," akasema. "Leo niko."

Kaka mkubwa akatazama jua, kisha akatazama saa yake, ili sote tuone kwamba anaitazama. Mama aliona pia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipomwoa binti yake: akanisemesha moja kwa moja jambo la kazi, bila kumpitia mtu.

"Mukwe, unasema batri haikufa?"

"Haikufa, Mama. Waya yake tu haishiki."

"Na wakifunga waya, itawaka bila kusukumwa?"

"Kama ni ile, itawaka."

"Bon. Mugeuke bote."

Tukageuka wote, hata kaka mkubwa. Nyuma yetu tulisikia kiti kikilalamika na karatasi ikichakarika. Harufu ilitufikia kabla ya habari. Mke wangu ndiye aliyegeuka kwanza.

"Mama. Makayabu?"

Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gari, kiti kimeegemea mgongo wake, na kifurushi cha samaki wa chumvi kiko kifuani. Daktari amemkataza chumvi, na watoto wake wanamlinda kama askari. Kwa hiyo sokoni alikuwa amekiinua kiti mwenyewe, akakisukuma kifurushi kati ya batri na ukuta wa gari, mahali ambapo aliamini hakuna mkwe atakayethubutu kutazama.

"Ni ya batizo," akasema.

"Batizo imeisha."

"Njo maana narudia nayo."

Nikasogea mpaka mlangoni, mikono yangu nyuma. Kifurushi kilikuwa kimeulazimisha ule waya mweusi, unaofungwa kwenye bodi ya gari, ukalegea kichwani mwa batri. Ungeweza kuuzungusha kwa kidole. Ule mpira wa kichwa kingine ulikuwa bado mahali pake, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini Mama hakuonyesha dalili ya kushuka, na mimi nisingeweza kuingiza kichwa mle alimopiga magoti. Nikampa mke wangu ufunguo wa nati, ule wa namba kumi na tatu, ampitishie.

"Hapana," Mama akasema, akiuchukua yeye. "Mukwe, unionyeshe na mudomo."

Nikamwonyesha kwa mdomo. Nikamwambia alegeze nati kidogo, autoe waya, afute kichwa na pete ya waya kwa kitambaa kikavu mpaka ving'ae kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Alisugua kwa nguvu ya mwanamke aliyesugua masufuria maisha yake yote. Nikamwambia arudishe pete, aikandamize mpaka chini kabisa, kisha akaze nati mpaka pete isizunguke tena hata akiilazimisha.

"Haizunguke," akasema.

"Ulazimishe, Mama."

"Mukwe, nimesema haizunguke."

Mafuta mazito sikuwa nayo, akatoa yake ya kujipaka mkobani akapaka. Akarudisha kiti, akaketi, akajipangusa mikono. Kifurushi sasa kilikuwa magotini pake, mbele ya watu wote, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumnyang'anya.

Nikageuza ufunguo. Gari likawaka kabla sijamaliza kuugeuza.

"Tiens," kaka mkubwa akasema. Kisha akajikaza. "Mais kurudia bado."

"Bado, ndiyo," Mama akamjibu. "Tufuate."

Nilikuwa na nia ya kutozima injini mpaka Vulamba. Lakini njiani kulikuwa na kizuizi cha askari, foleni ya malori na pikipiki, na askari aliyepita gari kwa gari akigonga mabati kwa kiganja.

"Zima moteur."

Nikasita. Barabara pale ilikuwa imenyooka kama rula, na nyuma yetu kaka mkubwa alikuwa ameshashusha kioo chake ili asikose kusikia.

"Zima, mukwe," Mama akasema kutoka nyuma. "Tulifunga muzuri."

Nikazima. Askari akachungulia ndani, akavuta pumzi, akauliza ni nini kinachonuka hivyo. Mama akamjibu kwamba ni batizo. Askari akacheka, akatufungulia njia. Niligeuza ufunguo nikiwa nimeshikilia pumzi, na injini ikaitika mara moja. Nilimsikia Mama akisema "wasingya", polepole, sijui kama alimshukuru Mungu, marehemu, au mimi. Huenda alijishukuru mwenyewe, na angekuwa na haki.

Tulifika Vulamba kukiwa bado na mwanga. Mama aliteremka, akasubiri mwanawe aegeshe, akamwomba ampigie simu mtu wa vyuma papo hapo, sote tukiwepo, na aweke sauti kubwa.

"Patron, ile gari haiko tena ya kuuza," kaka mkubwa akasema, akitazama pembeni.

"Kwa nini?" mtu wa vyuma akauliza. "Si ulisema haiwakake?"

Kaka mkubwa akamtazama mama yake. Mama alikuwa anafungua mlango wa nyumba na makayabu yake kwapani.

"Inawaka," kaka mkubwa akasema. "Mama njo anafungaka waya ya batri."