Nafasi Aliyoiziba Baba Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi. Adalbert Numbi anachonga penseli zake, kama kila siku kabla ya kwenda ofisi ya wachoraji wa majengo hapa Elisabethville. Penseli ya mwisho haijapata ncha, mkewe Delphine anaingia na ndoo ya maji.

"Tata amemaliza ukuta ya maternite," anasema kuhusu baba yake, anayejenga hospitali ya wazazi. "Ameziba na ule ufa yako. Leo anapaka."

Adalbert anaweka kisu chini.

"Ufa" huo aliuchora mwenyewe. Ndiyo kazi yake: kuamua jengo refu ligawanywe wapi, na nafasi iachwe pana kiasi gani. Juni hapa baridi huuma. Oktoba jua huchoma saruji, ukuta ukatanuka. Ukikosa nafasi, hupasuka popote.

"Muntu akishiba analegeza mukaba," anaeleza, akivuta mkanda wa suruali yake. "Ukuta ni vile vile."

Shida ni kwamba kapita, msimamizi wa wajenzi, ni Mzee Kasonde, baba yake Delphine. Kwa heshima ya ukwe, Adalbert hamsemeshi moja kwa moja. Maneno yote hupitia kwa Delphine, naye huyalainisha njiani.

"Si nilisema asiguse pale?"

"Uliniambia mie. Mie nikamuambia unamusalimia, na ukuta iko muzuri." Anatua ndoo. "Kwake ufa ni aibu ya fundi. Ningesema nini?"

Jengo likipasuka, jina litakaloharibika mjini ni la mzee. Adalbert anavaa koti. Leo haendi ofisini kwanza; anatoka na Delphine kwenda kwenye jengo.

Huko, karibu na mto Naviundu, wajenzi wameshakoroga chokaa. Kasonde anamwona mkwewe, anageuza uso na kumsemesha binti yake.

"Uliza bwana yako kama amepotea njia. Bureau yake ya kuchora iko kule."

Wajenzi wanacheka. Delphine anafungua mdomo, lakini Adalbert anamtangulia, macho yakiwa chini.

"Tata, ile nafasi ni mie niliichora."

Kicheko kinakatika. Kasonde bado hajageuka, ila mwiko wake umesimama.

"Tuifungue, tutie lami, tufunike na bati ya shaba. Hakuna muntu ataona ufa. Tukiiacha hivi, Oktoba ukuta itapasuka, na bantu batasema Kasonde hajui kazi." Anainua macho. "Nilikuwa naogopa kukuambia. Lakini sipendi bakuseme vile, Tata."

Kasonde anaukabili ukuta, anachomeka ncha ya mwiko pale alipoziba, na kuanza kufungua.