Nilipomvizia Mama wa Vipimajoto

Mimi ni fundi wa tofali za kuchoma hapa Njoro, na aibu hii nimejitakia mwenyewe. Kamati ya shule ilijenga madarasa mawili, moja kwa tofali zangu, jingine kwa tofali za udongo wa kushindilia, zisizohitaji kuni. Litakaloshinda kwa ubaridi ndilo lingeigwa kujenga mengine yote. Kila mchana mtaalamu, Mama Ndesaro, alisoma vipimajoto, na kila mchana darasa la udongo lilikuwa na ubaridi zaidi. Sikumwamini hata kidogo. Nilijiambia lazima anamwagia kuta maji kwa siri.

Jumatano nikajibanza ndani ya darasa la udongo nyuma ya madawati ili nimfumanie. Nje jua lilichoma. Nilisubiri ndoo ya maji, haikuja. Nikaegemea ukuta nipumzike kidogo.

Nilizinduka kwa sauti ya Mama Ndesaro. "Shikamoo, fundi."

Nyuma yake ilisimama kamati nzima.

"Marahaba," nikajibu, nikijifuta udenda.

"Tumekusikia ukikoroma tangu uwanjani," mwenyekiti akasema taratibu. "Sasa tuambie, fundi, mbona hukwenda kulala kwenye lile la tofali zako?"