Umisha wa Zoraida na Gita Lililopasuliwa Tumbo

Zoraida hakuolewa kwa sababu ya sura ya Artidoro. Aliolewa kwa sababu ya vidole vyake. Uso wa yule bwana ulikuwa wa kawaida tu, wa kusahaulika sokoni. Lakini enzi hizo, akicharaza gita la umeme kwenye bendi ya muziki wa kumbia hapo Contamana, ukingoni mwa mto Ucayali, wanawake waliacha samaki waungue jikoni. Zoraida naye aliunguza wake. Mama yake akamchapa, na jioni ileile akarudi kucheza.

Vidole ni vilevile hadi leo, ila sasa vinazungusha waya.

Ubaya ulianza na Leoncio, fundi redio, aliyemwambia Artidoro kwamba gita lake lina mvumo kwa ndani, na kwamba zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinazonasa mlio, zikifungwa waya upya sauti itatakata. Artidoro akalifungua siku hiyohiyo. Akalifunga, akasikiliza, hakuridhika, akalifungua tena. Bendi ikamsubiri, ikachoka, ikatafuta mtu mwingine. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakahamia Lima, na gita bado liko mezani limepasuliwa tumbo kama samaki. Kila Jumapili Leoncio huja na chuma chake cha kulehemu, na wanaume wawili wazima huinamisha vichwa wakibishana juu ya waya mwembamba kama unywele. Kisha Artidoro hupiga mlio mmoja. Ting. Hutikisa kichwa, huzima. Majirani wakamwita Zoraida Mama Ting. Alipita zake. Si mtu wa kujibizana na wajinga.

Ndipo akapanga hila yake. Kanivali ikifika, Contamana husimamishwa umisha: mtende unachimbiwa uani, unavikwa mabeseni, ndoo, vitambaa na maputo, na watu waliopakana matope wanauzunguka wakicheza, wawili wawili wakipokezana shoka. Atakayepiga shoka la mwisho, mti ukaanguka, ndiye atakayesimamisha umisha wa mwaka unaofuata nyumbani kwake. Na muziki haukatwi mpaka mti ulale chini. Hilo hata mlevi analijua. Zoraida alikuwa amelikwepa shoka la mwisho maisha yake yote. Mwaka jana akamnyang'anya mtu shoka na kuumaliza mti mwenyewe.

"Mama Ting kalewa," watu walicheka.

Hakuwa amelewa. Alitaka kumsikia mumewe akipiga mara moja tena kabla mmoja wao hajazikwa, na uani kwake mwenyewe mwanamume hana pa kujificha.

"Utapiga?" alimuuliza mwaka mzima.

"Nitapiga, mama. Nimebakiza kidogo tu."

Zoraida akauza kuku wake wote, wakageuka mabeseni na ndoo za kuvika mti. Asubuhi ya siku yenyewe, mtende umesimama, pombe ya muhogo imeiva, Zoraida akaingia ndani akakuta meza imejaa vipande.

"Artidoro, hilo gita mbona liko hivyo?"

"Lilianza kukoroma. Siwezi kuwapigia watu gita linalokoroma."

"Na wewe unakoroma. Nilikurudisha kwa mama yako?"

Leoncio akaguna. "Shemeji, ufundi hautaki haraka."

"Wewe nyamaza. Mlango wako tu umekushinda kuufunga, mbwa wanalamba masufuria yako."

Aliyeokoa siku ni Wilder, kinyozi wa jirani, aliyekuja na gita lake jekundu lililobanduka rangi. Kitufe kimoja kilishapotea, akaweka kizibo cha soda. Wilder alipiga vibaya, na alipiga kila siku, na hakuna aliyewahi kumwona amenuna.

"Mzee, chukua langu. Halina adabu, lakini linapigika."

Artidoro alilipokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayeazimwa kiatu. Kisha akapiga. Zoraida alikuwa ameshika bakuli la pombe, akaliweka chini. Ndiye yeye. Yule wa zamani, ananyata kwenye nyuzi, anachelewa makusudi, halafu anakimbia na ngoma inamfuata. Wazee waliokuwa wamekaa wakainuka. Matope yakaruka. Zoraida akacheza kama msichana, na kila alipopita mbele ya mumewe alimtazama vidole.

Shoka lilikuwa limeshakula nusu ya mti pale kizibo cha soda kilipolegea na spika ikakwaruza kidogo. Waliosikia hawakujali. Artidoro alinyamazisha gita.

"Piga, mzee," Wilder alisema taratibu. "Mti haujaanguka."

"Dakika moja. Kuna waya umeachia."

Alishapiga magoti, ameshatoa kisu, Leoncio anamshikia skrubu. Watu wakasimama na matope yao, mwenye shoka akalishusha. Mpiga ngoma akajaribu peke yake, akaona aibu, akaacha. Zoraida akaenda kusimama mbele ya mumewe. Alisubiri ainue kichwa, naye hakuinua. Hatimaye dereva mmoja wa bajaji akawasha spika ya bajaji yake, wimbo wa redioni, na mti ukaangukia hapo. Watu wakagombania mabeseni kimyakimya, wakaondoka. Wilder alikwenda nao mikono mitupu.

Zoraida alikuwa anafagia makuti wakati Artidoro aliposimama, uso unang'aa.

"Nimeupata," alisema. Akapiga mlio mmoja. Ting. "Unasikia ulivyo safi?"

"Nasikia. Basi piga wimbo."

Artidoro akalitazama gita la kinyozi, akaanza kulegeza skrubu nyingine.

"Kesho. Hili kwanza nilibadilishe waya wote."

Zoraida akaegemeza ufagio ukutani. Akaokota shoka, akaanza kuukatakata mtende uwe kuni, ingawa kuni za mtende haziwaki vizuri, na hakuna aliyempigia muziki.